SEP, Roth au 401(k) ya mtu mmoja: kisa cha mkalimani na dola 4,000 za Agosti

Kabla ya yote

Kazi yangu ni kuandaa ritani za kodi Marekani, na wateja wangu wengi ni watu wanaozungumza Kiswahili waliojiajiri: madereva wenye malori yao, walezi wa watoto, wakalimani. Kisa hiki ni cha mmoja wao, aliyetaka kuchagua kati ya SEP, Roth na 401(k), ambazo zote ni akaunti za akiba ya kustaafu zenye nafuu ya kodi. Ameniruhusu kukiandika. Jina, jimbo na majina ya waliompa kazi nimeyaondoa, na tarakimu zake nimezilainisha ziwe za duara. Sheria ninazozitaja ni za kodi ya shirikisho tu, kwa sababu kila jimbo lina yake.

Nitamwita Dada Z. Ananizidi umri, na yeye huniita mdogo wangu. Hilo lina nafasi yake katika kisa, kwa maana kuna maswali ambayo mdogo huona haya kumwuliza dada.

Hali yake

Tangu 2019 Dada Z ni mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza, hospitalini na mahakamani. Hana mwajiri. Wakala watatu humpa kazi, na kila Januari humletea fomu 1099-NEC, ile inayoonyesha alicholipwa bila hata senti moja iliyokatwa kodi. Mumewe ana miaka 47, ameajiriwa kwenye ghala kwa dola 31,000 kwa mwaka, na kazini kwake hakuna mpango wowote wa kustaafu. Dada Z mwenyewe alifikisha miaka 51 mwaka 2023.

Mwaka huo faida yake baada ya gharama ilikuwa dola 58,000. Aliyejiajiri hutozwa kodi mbili. Ya kwanza ni kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3: 12.4 ya Social Security (pensheni ya serikali) na 2.9 ya Medicare (bima ya afya ya wazee), ikipigwa juu ya asilimia 92.35 ya faida. Kwake ilifika dola 8,195. Ya pili ni kodi ya mapato, ambayo kwao wawili ilikuwa dola 5,131. Mwenye kazi ya aina hii hutakiwa kulipa kidogo kidogo mara nne, Aprili, Juni, Septemba na Januari. Dada Z alilipa mbili za mwanzo, dola 2,000 kila moja. Septemba gari liliharibika, Januari akasahau. Ukiongeza dola 330 zilizokatwa kwenye mshahara wa mume, deni lililobaki lilikuwa karibu dola 9,000.

Alikuja kwangu Ijumaa tarehe 5 Aprili 2024. Siku kumi zilikuwa zimebaki kabla ya siku ya mwisho ya ritani.

Siku kumi

Alikuja na jibu tayari. Mkalimani mwenzake alimwambia, "Fungua SEP, kodi itayeyuka." Nilichukua karatasi nikamwandikia njia tatu, na bado ninayo.

IRA, yaani akaunti ya kustaafu ya mtu binafsi, iwe ya kawaida au Roth: kwa mwaka 2023 kikomo ni dola 6,500, na 1,000 za nyongeza kwa aliyefikisha miaka 50. Jumla 7,500.

SEP, aina ya IRA inayochangiwa na biashara: asilimia 25 ya malipo kwa mwajiriwa, lakini kwa mwenye biashara hesabu hujizunguka hadi kuwa asilimia 20 ya faida baada ya kuondoa nusu ya kodi ya kujiajiri. Yaani 58,000 kutoa 4,098, mara asilimia 20. Jumla 10,780.

401(k) ya mtu mmoja, ambayo ni ya mfanyabiashara asiye na mwajiriwa isipokuwa mwenzi wake: hapa unavaa kofia mbili. Kama mwajiriwa unaweka hadi 22,500, na 7,500 za nyongeza ya umri. Kama mwajiri unaongeza zile 10,780. Jumla 40,780.

Nilijivunia karatasi ile. Vikomo vitatu, vyote sahihi. Leo nikiitazama naona kilichokosekana: hakuna mahali nilipoandika salio lake la benki. Nilimwonyesha kiasi anachoruhusiwa kuweka, sikumwuliza kiasi anachoweza kukiacha kikae bila kukigusa. Kumwuliza dada "una ngapi benki?" kulinishinda, nikajificha nyuma ya tarakimu.

Akachagua SEP. Sababu hazikuwa za kipuuzi. SEP hufunguliwa hata baada ya mwaka kuisha, mradi siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani haijapita. Fomu yake ni fupi, na haidai ripoti ya kila mwaka. 401(k) ya mtu mmoja nayo ingewezekana: tangu sheria iliyopitishwa Desemba 2022, mwenye biashara ya peke yake anaweza kuifungua mwaka unaofuata na bado akahesabiwa michango yake ya kofia ya mwajiriwa kwa mwaka wa kwanza, ilimradi awahi tarehe ya kuwasilisha ritani bila nyongeza ya muda. Lakini kampuni aliyokuwa na akaunti nayo ilitaka makaratasi mengi na wiki mbili. Hatukuwa na wiki mbili.

Roth hatukuizungumza. Roth haipunguzi kodi ya mwaka huu, na Dada Z alikuja kupunguza kodi ya mwaka huu. Niliifuta kwa kalamu.

Aliweka dola 9,000. Nilimwambia itampunguzia kodi kwa 1,080, yaani asilimia 12 ya 9,000, kwa kuwa walikuwa kwenye ngazi ya asilimia 12. Nilipoingiza tarakimu kwenye programu, deni likashuka kwa 864. Akafungua kikokotoo cha simu, akapiga, akanigeuzia kioo.

"Mdogo wangu, mbona 216 zimepotea?"

Hazikupotea. Mwenye biashara hupata punguzo la asilimia 20 ya mapato ya biashara yake, lile linaloandikwa QBI. Ukichangia SEP, mchango huo unatolewa kwanza kwenye mapato hayo ya biashara, kwa hiyo punguzo linasinyaa. Weka 9,000 kwenye SEP, utapoteza 1,800 za QBI. Kinachobaki kukusaidia ni 7,200. Asilimia 12 ya 7,200 ni 864. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua jambo alilolisoma. Mezani, na foleni ya watu nje, nililisahau. Kosa la kwanza ni langu.

Kosa la pili lilikuwa la mwenzake: Dada Z aliamini SEP itapunguza na kodi ya kujiajiri pia. Haipunguzi. Zile 8,195 zilibaki pale pale, na ndizo zilizokuwa sehemu kubwa ya deni.

Basi akaweka 9,000 kwenye SEP, kisha akalipa IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, dola 8,132. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba asubuhi ya siku ile alikuwa na dola 19,000 benki. Jioni alibaki na 1,868.

Fedha zilizolala

Jambo dogo la pembeni, ambalo nimeliona kwa wengi. Dada Z aliniuliza kama SEP ina riba. Nilimjibu kwamba SEP ni kapu tu. Riba, hisa, hati fungani, hivyo ni vitu unavyovitia ndani ya kapu, na ipo mifuko ya uwekezaji inayochaguliwa kwa kufuata sharia ambayo anaweza kuinunua humo. Akasema atamwuliza shehe wake kwanza. Hakumwuliza, au aliuliza akakosa nafasi ya kurudi. Fedha zikakaa kama taslimu tangu Aprili.

Wengi wanadhani kuweka fedha kwenye akaunti ya kustaafu ni kuwekeza. Huwekezi mpaka ununue kitu. 

Agosti

Wakala aliyekuwa akimpa karibu asilimia 60 ya saa zake alipoteza mkataba wa hospitali. Hospitali ilihamia ukalimani wa video. Ankara za Juni na Julai zikachelewa. Juma la pili la Agosti giaboksi ya gari ikafa, na mkalimani wa mahakama asiye na gari hana kazi. Kodi ya nyumba ikadai nayo.

Tarehe 14 Agosti Dada Z aliingia kwenye tovuti ya kampuni ya uwekezaji, akatoa dola 4,000 kutoka SEP. Tovuti ilimwuliza kama anataka kodi ikatwe papo hapo. Akachagua hapana, kwa sababu alizihitaji zote. Hakunipigia. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alisema, "Ni fedha zangu, nilifikiri nakopa kwangu mwenyewe."

Sentensi hiyo naikumbuka kwa sababu imekaribia ukweli. Kwenye 401(k) ya mtu mmoja inayoruhusu mikopo (si zote zinazoruhusu) mtu anaweza kweli kujikopesha, hadi nusu ya salio lake au dola 50,000, kilicho kidogo. Kwa salio la 9,000 angejikopesha hadi 4,500 bila kodi wala faini, akazirudisha kwa awamu. Kwenye IRA ya aina yoyote, SEP ikiwemo, mkopo haupo. Ukitoa, umetoa.

Ila hata ukitoa, kuna dirisha. Fedha zilizotolewa kwenye IRA zikirudishwa ndani ya siku 60, na kama hujafanya hivyo kwa miezi 12 iliyotangulia, huhesabiwa kama hazikutoka. Ankara zake zililipwa tarehe 9 Oktoba, dola 6,200 kwa mkupuo. Ilikuwa siku ya 56.

Alikuwa na siku nne, na fedha mkononi. Hakujua, na mimi sikujua kwamba alitoa.

Januari

Mwishoni mwa Januari 2025 aliniletea bahasha. Ndani mlikuwa na 1099-R, fomu inayoonyesha fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya kustaafu, dola 4,000, na kwenye kisanduku cha 7 namba 1. Namba 1 maana yake umetoa kabla ya miaka 59 na nusu na kampuni haijui sababu yoyote ya kukusamehe.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuokoa vilivyookoleka. Faini ni asilimia 10, dola 400. Tangu mwanzo wa 2024 kuna msamaha wa faini kwa dola 1,000 kwa mwaka kwa dharura za binafsi au za familia, na matengenezo ya gari yanaingia humo. Tukautumia. Faini ikashuka hadi 300. Kodi ya mapato kwenye 4,000 ilikuwa 480. Jumla 780.

Tulipiga hesabu ya senti, mimi na yeye, kwenye mgongo wa bahasha ile ile. Kwa kila dola aliyoiingiza, alisamehewa senti 9.6. Kwa kila dola aliyoitoa, alilipa senti 19.5.

Kulikuwa na hasara ya tatu, ambayo haikuandikwa kwenye fomu yoyote aliyoletewa. Mwaka 2024 faida yake ilishuka hadi 47,000. Pamoja na mshahara wa mume, uliopanda hadi 31,500, mapato yao yaliyorekebishwa, yaani baada ya kutoa vitu kama nusu ya kodi ya kujiajiri na michango ya SEP, yangekuwa 75,180. Kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja, mpaka wa nafuu iitwayo Saver's Credit, inayompunguzia kodi anayechangia akaunti ya kustaafu, ulikuwa 76,500 mwaka huo. Zile 4,000 ziliwavusha hadi 79,180.

Jaribu la pili

Aprili 2025 tukawa tena mezani. Safari hii niliuliza salio la benki kabla ya kufungua kompyuta. Alikuwa na dola 11,000 kidogo kupita, na deni la kodi lilikuwa dogo kwa sababu malipo ya robo mwaka ya Septemba na Januari aliyalipa.

Njia ya kupata ile nafuu ilikuwepo, na ilikuwa nzuri ukiitazama kwa jicho la fundi. Akiweka 2,700 kwenye SEP kwa ajili ya 2024, mapato yaliyorekebishwa yanashuka hadi 76,480, dola ishirini chini ya mpaka. Halafu anaweka kwenye Roth. Ila Saver's Credit hupunguza michango yako kwa fedha ulizotoa karibuni, kwa hiyo 4,000 za kwanza hazihesabiwi. Lazima aweke 6,000 ili 2,000 zihesabiwe. Asilimia 10 ya 2,000 ni dola 200. Ongeza 259 za kodi zinazopungua kwa mchango wa SEP. Nafuu yote 459.

Ili kupata 459 kwa njia hiyo ilimbidi atoe benki 8,700 kati ya 11,000 alizokuwa nazo. Nilimwonyesha hesabu yote, kisha nikamwambia sishauri. Alicheka. "Mwaka jana ungenishauri."

Aliweka 3,000 kwenye Roth IRA, akabaki na 8,000 benki. SEP aliiacha na 5,000 zake. Hatukuifunga wala kuihamisha.

Kwa nini Roth, ile niliyoifuta kwa kalamu? Michango ya Roth, yaani kile ulichokiweka mwenyewe bila kuhesabu faida iliyozaliwa, inaweza kutoka wakati wowote bila kodi wala faini. Laiti Aprili 2024 angeweka 7,500 kwenye Roth badala ya 9,000 kwenye SEP, kodi ingekuwa kubwa kwa 864, na 4,000 za Agosti zingetoka bure. Kwa mtu aliye kwenye ngazi ya asilimia 12, mwenye ankara zinazochelewa, 864 ni bei ya haki ya kununua mlango wa kutokea.

Mwaka wa msaidizi

Mwaka 2025 mambo yalibadilika kwa upande wa heri. Mahakama zilimpa kazi moja kwa moja, akaanza kugawa kazi kwa wakalimani wengine, na faida ikaelekea 71,000. Januari aliajiri binti wa miaka 24 kupanga ratiba na kufuatilia ankara: saa 20 kwa wiki, dola 18 kwa saa. Kwa mwaka ni saa 1,040 na mshahara wa 18,720.

Hapo swali la akaunti lilibadilika sura, na wengi waliojiajiri hawalioni likija. Ukiwa peke yako unauliza utaweka kiasi gani. Ukiajiri, kila akaunti ya biashara inakuuliza: na huyu je?

Tuliitoa ile fomu ya SEP ya 2024. Sheria inakuruhusu kumsubirisha mwajiriwa hadi awe na miaka 21 na awe amefanya kazi kwako katika miaka mitatu kati ya mitano iliyotangulia. Fomu ina kisanduku cha kuandika idadi ya miaka. Ndani yake, kwa mwandiko wa Dada Z, ilikuwepo sifuri. Mwenzake alimwambia aandike sifuri "ili na wewe ustahili haraka." Alikuwa na miaka mitano ya kazi, angestahili hata kwa tatu. Kwa sifuri ile, msaidizi alistahili tangu siku yake ya kwanza, na SEP inadai asilimia ile ile kwa wote. Kama Dada Z angejiwekea asilimia 10 kwa 2025, angemwekea binti 1,872, zote kutoka mfukoni mwake. Na mimi sikuiona sifuri ile, ingawa fomu ilipita mkononi mwangu.

401(k) ya mtu mmoja nayo ilikuwa imeanza kuondoka. Mpango unaweza kumwacha nje mwajiriwa asiyefikisha saa 1,000 kwa mwaka. Yeye ana 1,040. Dada Z aliuliza kama ashushe ziwe 18 kwa wiki, zitoke 936. Inawezekana kwa karatasi, lakini sheria za sasa zinamtambua pia mfanyakazi wa muda aliyefikisha saa 500 kwa miaka miwili mfululizo, anapata haki ya kuchangia mshahara wake mwenyewe. Kumpunguzia mtu saa mbili kwa wiki ili asipate akiba ya uzeeni, halafu baada ya miaka miwili aipate kwa mlango wa nyuma? Nilimwambia sipendi, na kwamba hilo si jibu la mhasibu. Yeye naye hakulipenda.

Uamuzi wa 2025 ulikuwa mwepesi kuliko yote: hakuna akaunti ya biashara kabisa. Kikomo cha IRA mwaka 2025 ni 7,000, na 1,000 za umri kwake. Mumewe ana yake ya 7,000, jambo ambalo kwa mwaka mzima wa maswali ya SEP na 401(k) hakuna aliyelikumbuka, mimi nikiwa wa kwanza. Nafasi ya 15,000 ilikuwepo bila kufungua chochote kipya cha biashara, na wao walikuwa na uwezo wa kama 12,000. Wakaweka 8,000 kwenye Roth ya Dada Z na 3,600 kwenye ya mume.

Matokeo hadi sasa

Roth zao mbili zina dola 14,600 za michango, na mifuko ya ndani imeshanunuliwa, ya kufuata sharia. SEP ina zile 5,000, nazo zimewekezwa. Benki kuna gharama za miezi minne. Kila ankara inapolipwa, asilimia 25 huhamia siku hiyo hiyo kwenye akaunti ya kodi na asilimia 10 huenda Roth. Kinachobaki ndicho anachokiita mshahara. Malipo yote manne ya robo mwaka ya 2025 yamelipwa kwa wakati.

Ninavyokisoma kisa hiki

Watu huniuliza akaunti ipi ni bora, na wanatarajia nitaje ile yenye kikomo kikubwa. Dada Z hakuwahi kugusa kikomo cha SEP. Aliweka 9,000 penye 10,780, na hata hizo 9,000 zilikuwa nyingi. Kikomo cha 40,780 cha 401(k) kilikuwa pambo kwenye karatasi yangu. 401(k) ya mtu mmoja ina maana pale mtu anapoweza kuweka zaidi ya asilimia 20 ya faida yake. Kama mshahara wa mume ungetosha kuendesha nyumba na Dada Z angebaki na 30,000 za kuweka, ningempeleka huko, na ningemwonya mapema kuhusu fomu 5500-EZ, inayodaiwa kila mwaka mali za mpango zikizidi dola 250,000.

SEP siilaumu. Ni spana ya mwisho wa mwaka: mwaka umeisha, tarakimu zote zinajulikana, una fedha za ziada, unataka kukaza hapa kidogo. Ile hesabu ya 2,700 ya Aprili 2025 ilikuwa kazi yake halisi.  Tulichokosa ni fedha. Aprili 2024 tuliitumia spana hiyo kama msingi wa nyumba.

Kuhusu ngazi ya kodi: hoja ya kuahirisha kodi hupata nguvu pale unapotarajia kulipa kidogo zaidi uzeeni. Mtu wa asilimia 12, na kwa mwenye biashara asilimia 9.6 baada ya QBI kula sehemu yake, hana pa kushuka sana. Kama faida yake ingekuwa 150,000 ningeandika kisa kingine.

Kilichofanya kazi ni hicho cha ankara. Si akaunti, ni siku: fedha hugawanywa siku zinapoingia, kabla hazijapata jina jingine. Nilijaribu kumshauri atenge kiasi kimoja kila mwezi, tukashindwa ndani ya miezi miwili, kwa sababu mapato yake hayana mwezi. Asilimia ilishika, kiasi hakikushika.

Kilichoshindwa, nikiwa mkweli, zaidi ya SEP yenyewe, ni ukimya kati ya Agosti na Januari. Siku ya 56 simu moja ingefuta yote. Siku hizi kila ninayemfungulia akaunti hunisikia nikirudia jambo moja hadi linachosha: ukitaka kutoa, nipigie kwanza, na kama umeshatoa, nipigie leo leo.

Kinachoendelea

Binti wa ratiba aliuliza mwenyewe, Novemba. Aliona mzazi wake ana mpango kazini na akataka kujua kama na yeye atakuwa nao. Dada Z alinipigia jioni ile.

Kwa 2026 tumechagua SIMPLE IRA, mpango wa kustaafu wa biashara ndogo ambamo mwajiriwa na mwajiri wote huchangia. Binti akichangia mshahara wake, Dada Z analinganisha hadi asilimia 3, yaani si zaidi ya dola 562 kwa mwaka kwa mshahara wa sasa. Ina bei zake. Mwaka wenye SIMPLE hauruhusu mchango wa SEP, kwa hiyo spana inakaa sandukuni. Na anayetoa ndani ya miaka miwili ya kwanza kabla ya umri hulipa faini ya asilimia 25 badala ya 10. Hilo nililisema mara tatu, na Dada Z akaniambia amesikia mara ya kwanza. Yeye mwenyewe ataendelea kujaza Roth kwanza, na SIMPLE ataiwekea kidogo tu.

Fomu aliijaza nyumbani kwake, akanipigia akiwa katikati. Alinisomea kisanduku cha masharti ya mwajiriwa neno kwa neno: sheria inakuruhusu kudai awe alipata angalau dola 5,000 kila mwaka katika miaka miwili yoyote iliyopita. Binti ana mwaka mmoja tu. Kwa miwili angesubiri hadi 2027.

"Naandika sifuri," akasema. "Safari hii najua inamaanisha nini."